Bandari Iliyofuliwa

Kazi iliyonitoa kwenye mitumba ilikuwa kazi ya kulaza ramani juu ya kioo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani katikati ya jiji, chenye kompyuta chache na skana moja ambayo mkubwa wetu aliifunika kwa shuka kila jioni, kama mtu anayefunika unga usiingiwe na mende. Wafadhili walitaka ramani za zamani za miji na bandari zetu ziingizwe kwenye kompyuta kabla unyevu haujazimaliza. Kulikuwa na Mombasa ya zamani, kulikuwa na Lamu, kulikuwa na Nairobi ilipokuwa stesheni na kinamasi tu. Ramani kubwa haikuenea juu ya kioo, kwa hivyo tuliipitisha kipande kwa kipande, halafu tukaviunganisha vipande kwenye skrini, barabara ikutane na barabara, ufuo na ufuo. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Nilikuwa nimepanga chumba Kabiro, kule Kawangware. Wazazi wangu walikuwa Laini Saba, Kibera, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilicheza mezani. Jumapili baada ya kanisa nilienda kwao kwa miguu, nikikatiza kwa njia za mkato, viatu vizuri mkononi kama mvua imenyesha.

Niliipata kazi ile kwa sababu ya Baba, ingawa yeye hakufanya lolote. Kwenye mahojiano niliulizwa kama nimewahi kushika ramani, nikasema nimelelewa nazo. Haikuwa chumvi. Baba alitoka kwao ziwani akiwa kijana, akaajiriwa Nairobi kwenye ofisi ya uchoraji, na kazi yake maisha yote ilikuwa kunakili. Mainjinia walichora, yeye alitandaza juu ya mchoro wao kitambaa maalumu, kilichopakwa wanga kikawa kigumu na chenye kung'aa, kiasi kwamba unaona kila mstari ulio chini yake. Kisha alifuata mistari hiyo kwa kalamu ya wino, polepole, pumzi ameishikilia. Bandari ya Kisumu aliinakili mara nyingi kuliko kitu kingine, maana kila walipoongeza ghala au kusogeza reli ilibidi ichorwe upya. Kisumu ilikuwa karibu na kwao. Alisema akiichora anasikia harufu ya samaki.

Miaka ya tisini ilipoanza, Baba na wenzake walipunguzwa kazi. Siku za mwisho waliambiwa michoro mingine ya zamani itachomwa, na anayetaka kitu achukue. Wenzake wengine walibeba viti. Baba alichukua ramani moja, bandari ya Kisumu, nakala ambayo alikuwa ameinakili kwa mkono wake kutoka kwa mchoro wa zamani kuliko yote. Aliikunja, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Tangu siku hiyo sikumwona akilifungua sanduku hilo. Lakini aliizungumzia sana. Mgeni akija, chai ikimiminwa, ilikuwa lazima asikie kwamba kuna bandari nzima chini ya kitanda.

Sasa pale ofisini, tulipofika Kisumu, tulikwama. Mchoro wa zamani haukupatikana popote.

"Hii ya Kisumu imetushinda," mkubwa wetu alisema. Alikuwa mtu mpole, alivaa sweta hata kukiwa na jua. "Nimeuliza kila mahali."

"Baba yangu anayo," nikasema.

Alinigeukia. "Anayo vipi?"

Nikamweleza. Alicheka kwa furaha, akaniambia nimlete mzee na ramani yake, watampokea kwa heshima, na jina lake litaandikwa chini ya picha.

Nilipompelekea Baba habari hizo Jumapili, alimaliza kwanza chai yake. Halafu akauliza, "Hiyo mashine, inaharibu wino?"

"Haiharibu. Inapitisha mwanga tu."

"Na wakishaiweka humo ndani, inakaa?"

"Inakaa, Baba. Hata ramani ikiungua, picha yake inakaa."

Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa. Wiki ile yote alitembea kama mtu aliyeitwa kazini tena. Alinyolewa. Koti lake la zamani lilipelekwa kwa fundi ashone bitana. Majirani wa ploti nzima walijua kwamba mzee ataenda mjini kuingizwa kwenye kompyuta.

Jumamosi nilifika asubuhi ili tuondoke pamoja. Mama alikuwa nje, kwenye meza yake ya kukaangia samaki. Baba alipiga magoti, akavuta sanduku, akalifungua. Akatoa blanketi. Akatoa bahasha ya vyeti vyetu vya ubatizo, na suruali yake ya harusi, na gazeti lililotandazwa chini. Kisha akarudia tena, akikung'uta blanketi.

"Mama," akaita. "Ile ramani iko wapi?"

Mama aliingia akifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni. "Gani?"

"Ya humu sandukuni."

"Ile nguo?" Mama akauliza.

Hapo nilielewa kabla hajaendelea, na nadhani Baba pia alielewa. Tulipokuwa wadogo Baba alileta nyumbani vitambaa vya ramani zilizoharibika, zile ambazo wino umemwagika au mstari umekosewa, na ni yeye aliyemwonyesha Mama kwamba ukikichemsha kitambaa hicho kwa sabuni, wanga unatoka, wino unatoka, na kinachobaki ni kitambaa chepesi na laini ambacho huwezi kukinunua dukani. Mama alitushonea leso za mkononi, na shumizi, na mapazia. Mimi mwenyewe nilibatizwa nikiwa nimevaa kitu ambacho zamani kilikuwa daraja la mahali fulani.

"Dada yako alipojifungua hatukuwa na kitambaa," Mama aliniambia mimi, si Baba. "Niliiona imelala tu miaka yote. Nikasema mzee ameisahau."

"Uliichemsha?" Baba akauliza.

"Niliichemsha."

"Wino ulitoka?"

"Ulitoka wote. Maji yaligeuka meusi, nikayamwaga mtaroni."

Baba aliinuka, akakaa kitandani. Mimi nilisubiri akasirike. Mama naye alisubiri; alisimama pale mlangoni mikono imelegea, samaki wakiungua nje bila mtu wa kuwageuza.

"Si makosa yako," Baba akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Hatukwenda mjini.

Gauni alilomshonea mtoto wa dada lilikuwa limeshapita kwa watoto wa majirani na hakuna aliyejua lilipoishia. Kilichobaki kilikuwa foronya moja, nyeupe, iliyokuwa ikivaliwa na mto wa Baba mwenyewe. Alikuwa amelalia bandari ya Kisumu kwa miaka na hakujua. Niliiomba. Mama aliifua, akaipiga pasi, akanipa bila kunitazama usoni.

Jumatatu, wenzangu walipotoka kwenda kula, nililaza foronya juu ya kioo. Picha ilitoka nyeupe. Nikaongeza weusi, nikaongeza tena, mpaka nyuzi zenyewe zikaonekana kama mabati ya paa. Ndipo nikauona mstari. Ulikuwa hafifu, ukitoka pembeni na kupinda kidogo kuelekea chini, kama ufuo unavyopinda. Nilimwita mkubwa wetu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Inawezekana," akasema.

Neno hilo moja lilinitosha. Nilichapisha picha ile kwenye karatasi, na jioni hiyo hiyo nikaenda Laini Saba bila kupita nyumbani. Baba aliichukua hadi mlangoni, kwenye mwanga, akavaa miwani. Alifuata ule mstari kwa kidole, polepole, namna alivyokuwa akifuata kwa kalamu. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi kidole chake kilivyosimama katikati.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "huu ni mshono wa mama yako."

Mama alikuja akachungulia juu ya bega lake. "Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Hapo nilikunja mara mbili, kisha nikafumua."

Baba alirudisha karatasi mkononi mwangu. Nilidhani mambo yameisha. Lakini nilipokuwa nikiaga aliniambia, "Niletee karatasi kubwa. Na wino mweusi, ule mzito. Mkono unakumbuka."

Nilimletea. Kwa majuma kadhaa meza ya kulia iligeuka meza ya kazi, na sisi tulikula tukiwa tumeshika sahani magotini. Kila Jumapili nilikuta kitu kipya. Gati lilitokea, limenyooka. Reli ikaja ikipinda hadi kwenye gati. Maghala yakaja, na kile kidimbwi kirefu cha kutengenezea meli. Treni ikipita nje alinyanyua kalamu, akasubiri nyumba itulie, akaendelea. Mama alimwekea taa karibu, akaondoka kimya kimya. Nilimwambia mkubwa wetu avumilie kidogo, kitu kinakuja. Siku hizo nilikuwa na furaha, na ninazikumbuka kwa uchungu kwa sababu hiyo.

Kisha Jumapili moja nilikuta hajaongeza kitu. Na iliyofuata pia. Nchi kavu yote ilikuwa imekamilika, safi kabisa, lakini ziwani palikuwa peupe.

"Bado maji," nikasema.

"Bado maji." Alikuwa ameweka kalamu chini. "Ramani ya bandari ni maji. Haya mengine ni mapambo. Nahodha anataka kujua kina, hapa pana futi ngapi, pale pana mwamba. Zilikuwa namba nyingi, zimetapakaa kama mtama."

"Weka zile unazokumbuka."

"Namba nazikumbuka. Sikumbuki zilikuwa wapi."

Nilikaa kando yake. Nilimwambia hakuna nahodha atakayeitumia, ni historia tu, watu wataitazama kwenye kompyuta. Nilimwambia aweke kwa kukisia, hakuna atakayejua. Nilikuwa nimemwahidi mkubwa wangu, na nilitaka jina la Baba liandikwe chini ya picha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ramani haimchagui msomaji," akasema. "Mtu akiiamini hii, atakwamisha meli na watu ndani. Usiipeleke."

"Hata bila namba?"

"Bila namba ni picha. Mimi sikuwa mchora picha."

Nilimweleza mkubwa wetu kila kitu. Hakukasirika. Alisema basi mzee aje tu, akae na sisi, atusimulie alivyokuwa akifanya kazi, wataandika. Nilimpelekea Baba mwaliko huo. Alishukuru, akasema goti linamuuma. Goti halikuwa na kitu. Ile karatasi sikuiona tena, na nilipouliza Mama alitikisa kichwa, ishara ya kwamba nisiulize.

Tangu hapo Baba hakuzungumzia tena uchoraji. Mgeni akija aliongea habari za mvua, za bei ya unga, za mahubiri ya Jumapili. Nimelifikiria hili miaka mingi. Kama ningenyamaza siku ile mkubwa wetu aliposema Kisumu imemshinda, Baba angeendelea kuwa mtu mwenye bandari chini ya kitanda. Sanduku lingekuwa tupu vile vile, lakini asingelifungua. Sisi kazi yetu ilikuwa kuokoa, na kwa kila mji tuliouokoa nilifurahi, ila wa baba yangu niliufikia tu kumjulisha kwamba haupo.

Mwishoni mwa muongo ule macho yake yalianza kuingia ukungu, yeye na Mama wakaamua kurudi kwao ziwani. Niliwasindikiza. Tulipofika Kisumu aliomba tupite kwanza bandarini. Nilimshika mkono mpaka kwenye ua wa waya. Magugu yalikuwa yamefunika maji kote, kijani kitupu, yamekazana kiasi kwamba ndege walitembea juu yake. Meli moja ilikuwa imesimama katikati kama imepandwa shambani.

"Maji yako wapi?" Baba akauliza. Alidhani ni macho yake.

"Yako chini, Baba. Ni magugu."

Alisimama kidogo. "Twende," akasema. "Mama yako amechoka."

Alifariki miaka michache baadaye, nyumbani, usingizini. Baada ya matanga, wageni walipokuwa wameondoka, niliketi na Mama nyuma ya nyumba tukichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Hakuna aliyekuwa ametaja ramani tangu Kibera. Aliitaja yeye, bila kuinua macho.

"Angenipigia kelele siku ile," akasema, "leo ningekuwa nimeshapona."

"Baba hakuwa mtu wa kelele."

"Najua," akasema, akaokota kijiwe kidogo kati ya omena, akakitupa.