Swali la Mlinzi wa Hoteli ya Kasino

Kiangazi cha 2015 nilipanda basi kutoka Buffalo kwenda kwenye mji wa kasino na maporomoko. Mbele yangu aliketi mama Mkongomani wa mtaa wetu wa Black Rock na watoto wake watatu, amepakata sufuria ya wali na maharage. Aliwaahidi watoto matembezi tangu shule zifungwe, na kutazama maji ni bure.

Tukiwa bado tunatazama, mvua ikamwagika. Sote tukakimbilia ukumbi wa hoteli ya kasino, tukajitupa kwenye makochi. Mtoto mdogo alitetemeka hadi meno yakagongana. Mlinzi akaja, mikono nyuma, akauliza kitu kwa Kiingereza. Binti mkubwa akatafsiri:

“Mama, anauliza kama tuko wageni.”

Mama akasimama, akanyoosha sketi yake. Ni mlokole, uongo hausemi.

“Umwambie ndiyo. Bon, tuko wageni kabisa. Hata mwaka moja hatujamaliza.”

Binti akajibu kwa Kiingereza kuwa ndiyo. Mlinzi akaondoka, akarudi na taulo tano nyeupe, akawapa nne. Mama akamfunika mdogo, akasema kwa sauti ya chini, “Watu wa huku wako na roho nzuri.”

Mimi nilijua kwamba mlinzi alitaka kujua kama wamelipia chumba. Nilikuwa nikitafakari kama nimweleze yule mama, mlinzi akanigeukia na swali lile lile.

Kiingereza nakielewa vizuri sana. Nikajibu ndiyo, nikapokea taulo.