Kunde za Swala

Nilipofika Doha nilidhani nitapata kazi ya ofisi. Shahada yangu ilikuwa ya kilimo, na sikuona kilimo chochote kutoka dirisha la chumba nilichobanana na wenzangu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Kisha mzee mmoja Mqatari, aliyefuga swala ndani ya ua mpana nje ya Al Rayyan, akaniajiri. Wafanyakazi wake wote walimwita Baba.

Kiangazi kilichotangulia swala wake walikonda mpaka mbavu zikaonekana. Nyasi kavu za kununua walizinusa tu na kugeuka. Nikapendekeza tuwapandie chakula kibichi cha kuwavusha joto: kunde, choroko na fiwi, pamoja na mtama ili fiwi, ambazo hutambaa, zipate pa kujizungusha. Nilisema kama mtu mwenye hakika. Baba alijibu kwa Kiarabu, na dereva wake akanitafsiria: "Anasema sawa. Zisipoota, atawapeleka swala wote kwa binamu yake. Hataki kuwaona wakifa hapa."

Dereva huyo alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Kitale, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Tulianza kwa heshima, tukaishia kwa utani.

"Daktari wa kunde," aliniuliza siku ya kupanda, "umewahi kuona swala akila githeri ya kunde?"

"Kaka, nisaidie kuvuta mpira wa maji."

"Nauliza tu. Nisije nikaambiwa nipike."

Tulipanda majira ya kuchipua, kwenye kipande kilichozungushiwa wavu, mipira ikidondosha maji kwenye kila shina. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Niliogopa ndege, niliogopa chumvi ya kisima, niliogopa kwamba zikiota vizuri swala watazila kwa pupa na kuvimba matumbo. Kulikuwa na jike mmoja mwenye mimba aliyekuja kusimama nje ya wavu kila asubuhi, akanitazama kwa macho meusi yaliyotulia. Nilihisi ananidai jibu.

Asubuhi moja mchanga ulikuwa umepasuka mistari mizima. Migongo ya kijani ya miche ilikuwa imejikunja chini yake, inausukuma. Nilikuwa nimesoma habari ya mbegu kuota kwa miaka minne chuoni, na bado nilipiga magoti pale, nimeshika kinywa. Ardhi ileile iliyochoma nyayo kupitia soli za viatu ilikuwa inafunguliwa na kitu laini kama sikio la mtoto.

Pamoja na kunde yaliota magugu, ya kutambaa, yenye majani manene. Dereva aliyaona, akasikitika kweli.

"Hili shamba akilipita mtu wa kwetu, tutaanikwa," alisema. "Watauliza, hawa walilelewa na nani?"

Nami nilijua anachosema. Mama yangu hakuwahi kuacha gugu lisimame shambani hata mgeni akiwa sebuleni. Tukachukua majembe, tukapalilia mpaka udongo ukabaki mtupu, umesafika kama ua uliofagiliwa. Joto lilitufukuza kabla hatujamaliza kona ya mwisho. Tuliondoka tukijisifu.

Siku zilizofuata kunde zilianza kulala. Maji yalikuwa yaleyale, lakini majani yalijikunja na kingo zikaungua. Nilikagua mipira yote, nikamlaumu kila mtu kichwani mwangu, kuanzia mwenye duka la mbegu hadi mimi mwenyewe. Jike naye aliendelea kuja kwenye wavu, tumbo limeshuka.

Kisha niliingia ile kona ambayo hatukuipalilia. Fiwi zilikuwa zimejizungusha kwenye mtama mpaka kifuani kwangu. Niliingiza mkono chini ya magugu, na udongo ulikuwa na ubaridi. Ubaridi, kiangazi, katika nchi ile. Nilibaki nimeinama, mkono ukiwa ndani, sitaki kuutoa.

"Kaka, njoo uguse hapa."

Aligusa, akazamisha vidole. "Kumbe tuliuvua udongo nguo," alisema.

Tuliyaacha magugu yarudi. Yalirudi haraka, yakafunika udongo, na kunde zikainuka nayo. Shamba likawa na sura ya aibu kabisa, na lilikuwa zuri kuliko lolote nililowahi kuliona.

Siku Baba alipokuja kuamua, alibaki ndani ya gari, kioo kimeshushwa. Nilifungua wavu nusu tu, kwa hofu ya matumbo kuvimba. Swala wengine walisita. Jike akaingia peke yake, akiweka kwato moja, anangoja, kisha nyingine. Alianza na magugu. Akayatafuna bila haraka, kisha akanyoosha shingo juu kabisa kwenye mtama na kuvuta uzi mrefu wa fiwi. Nyuma yake wengine wakaingia, bila sauti, kama mchanga wenyewe umeamka ukaanza kutembea.

Baba alisema neno moja. Sikungoja tafsiri, lakini dereva alinipa hata hivyo: "Wanabaki."

Kisha akaninong'oneza, "Sasa nachuma kunde kidogo za mboga?"

"Muulize mwenyewe," nilisema, nikimwonyesha jike kwa kidevu.

Jike aliinua kichwa na kututazama, ua la zambarau la fiwi likining'inia mdomoni.