Uso Usiofunikwa: Maisha ya Monicah Watiri wa Wamagana

Monicah Watiri alizaliwa mwaka 1931 upande wa Giakanja, mtoto wa tatu wa wakulima wa viazi. Alipokuwa na miaka minne alijimwagia uji uliokuwa ukichemka, na mguu wake wa kushoto ukabaki na kovu pana kutoka kifundoni hadi vidoleni. Alibatizwa mwaka 1948, akaolewa Wamagana. Wanaotaka mtakatifu awe mtakatifu tangu tumboni watavunjika moyo hapa, kwa maana Watiri alikuwa mwanamke mchangamfu tu, mwenye ulimi mkali sokoni na sauti nzuri kanisani.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, askari wao walimkamata kaka yake Gatimu, wakamwambia Watiri kwamba atamwona tena iwapo atawasaidia. Asubuhi moja wanakijiji walipangwa mstari uwanjani. Watiri alivikwa gunia la mahindi lenye matundu mawili ya macho, akaamriwa atingishe kichwa mbele ya yeyote aliyewalisha wapigania uhuru waliojificha msituni. Alipita mbele ya watu thelathini bila kutingisha. Ndipo askari akamnong'oneza jina la Gatimu. Aliyefuata mstarini alikuwa jirani yake Ngatia, mwezeka nyumba, mtu asiye na hatia, na mbele yake Watiri akatingisha. Ngatia alifia kizuizini, akamwacha mjane wake Wachuka. Gatimu alirudi nyumbani mzima. Wanakijiji hawakuambiwa nani alikuwa ndani ya gunia.

Uhuru ulipokuja na kahawa ikashamiri, wachumaji walizoea kukunja gunia na kujifunika kichwani mvua iliponyesha. Watiri hakujifunika kamwe. Alilowa chepechepe kuanzia asubuhi hadi jioni, na wenzake wakamtania, ati anaona nywele zake ni nzuri mno kwa gunia. Naye alicheka pamoja nao, moyo ukimuuma.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alikwenda kuungama, na kila mara aliungama dhambi ileile. Kwa miaka kumi na zaidi alimlilia Mungu, akaondolewa dhambi, akarudi tena. Wakati huohuo alikuwa katekista, akiwaandaa watoto kwa kitubio chao cha kwanza, na parokia nzima ilimsifu. Wachuka naye alikuja Misa kila Jumapili akakaa nyuma, ila hakwenda altareni kukomunika hata siku moja. Watu walipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea katika Baba Yetu, yeye alinyamaza.

Mwaka 1966 alikuja padre mpya, mzee wa maneno machache. Watiri mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye alichoambiwa. “Mungu amekusamehe tangu mara ya kwanza,” padre alisema. “Kila mwezi unamletea yeye maneno ambayo mtu mwingine bado hajayasikia.” Hakumwamuru lolote, akampa Salamu Maria moja iwe malipizi yake. Watiri alitoka amekasirika. Aliogopa kufukuzwa ukatekista, aliogopa mumewe, aliogopa nyumba yake kuchomwa, na wiki mbili zikapita.

Hatimaye alikwenda. Alimkuta Wachuka akipukuchua maharagwe, akapiga magoti kwenye maganda. “Ile siku ya gunia,” alisema, “ni mimi nilitingisha kichwa.”

Wachuka aliendelea kupukuchua. “Nilijua. Gunia ilifika kwa magoti tu, na mguu yako niliiona. Nimekungoja miaka kumi na mbili ukuje useme.”

Hakumsamehe siku hiyo, wala tusimlaumu. Alimwambia tu aje kesho wachume kahawa iliyopandwa kwenye shamba la Ngatia. Walichuma msimu mzima bila maneno mengi. Watiri aliwaambia mumewe na baraza la parokia ukweli wote, akavuliwa ukatekista, akatukanwa njiani, akakubali. Jumapili ya Pasaka ya 1967, watu walipofika pale pa kusamehe, sauti ya Wachuka ilisikika kutoka nyuma, nzito lakini wazi. Kisha akaenda kukomunika, na Watiri alilia mpaka akatolewa nje.

Tangu hapo wagombanao walimtafuta. Alikuwa akimngoja mtu nje ya kitubio, kisha anamsindikiza mpaka mlango wa yule aliyekosewa. Wazee Kingori na Theuri, ambao kwa miaka kumi na sita hawakusalimiana kwa ajili ya mpaka wa mashamba, walikula pamoja kwa sababu yake. Wapo wanaousimulia upatanisho huo kama muujiza wake mkubwa kuliko wagonjwa wanaosemekana kupona kwa maombi yake, na mimi niliyewajua wale wazee sibishi.

Alifariki mwezi wa Aprili 1983, akazikwa mvua ikinyesha kwa nguvu. Waombolezaji walikuwa wamejifunika magunia. Wachuka, sasa ajuza, alisogea kaburini, akavua lake akaliweka chini. “Huyu alikuja kwangu bila gunia,” alisema. “Hata mimi sitamzika na gunia.” Mmoja baada ya mwingine, watu wote wakafunua vichwa.

Basi wewe utokaye kitubioni ukiwa mwepesi, fikiri kama kuna mlango wa jirani uliobaki. Nenda, hata kama mvua inanyesha, na uso wako uonekane.