Kijibwa wa Mama Mkwe na Bitana Nyekundu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Jina alilopewa na wazazi wake alilijua mkewe tu, na hata yeye alilitumia akiwa amekasirika. Ukimpelekea suruali aipunguze kiuno, atakupima kwa heshima zote, atakusifia mabega, atakuambia kitambaa chako kimechaguliwa na mtu mwenye macho, halafu atakuambia uje kesho. Ukija kesho, kesho nayo imeshasogea mbele. Wapo waliopungua kiuno wenyewe kwa kuifuatilia suruali.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuingia kwenye mtego huo, naye ni mama mkwe wake. Bibi huyo, mwembamba, mnyoofu, maneno yake machache yote yana ncha, hakuwahi kumkabidhi fundi kitu chochote tangu alipomwoza binti yake. Akija kuwatembelea siku ya mvua, huketi na mwavuli wake uliolowa mapajani, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu, kuliko kumpa mkwewe autundike.

"Utanirudishia kesho," husema, na mwavuli haubanduki.

Kwa hiyo siku mama mkwe alipoingia kibandani na boksi la viatu, akaliweka juu ya meza ya kukatia na kusema kwamba anakwenda kutibiwa macho, binti yake anamsindikiza, na huyu aliyemo ndani anabaki hapa, fundi aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa. Hakukuwa na mtu mwingine. Ndani ya boksi alikuwemo kijibwa wa kahawia, mpya kabisa, amepatikana juzi tu kwa jirani. Tumbo kama puto, na macho yanaomba msamaha kwa kosa ambalo bado hajalifanya. Maagizo yalikuwa mafupi: uji laini, maji safi, basi.

"Nikirudi nimkute kama nilivyomwacha," alisema mama mkwe.

Fundi akaapa, mkono kifuani. Alielewa vizuri kwamba amepewa mtihani, na kwamba mtihani huo hauna marudio.

Akamwita Kifungo, kwa sababu alikuwa mdogo, wa mviringo, na kila dakika alipotelea chini ya meza. Kifungo alijichagulia kulala kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Alitafuna nyuzi, akakojolea suruali ya mteja, lakini hiyo ilikuwa ya kuchukuliwa kesho kwa hiyo haikumtia mtu presha. Tatizo lilikuwa uji. Aliunusa, akaugeuzia mgongo kama mgeni aliyeletewa chakula cha jana. Fundi, ambaye moyo wake ni laini kuliko vitambaa vyake, akamkatia kipande cha nyama ya kukaanga kutoka kwenye sahani yake. Kisha akampa kingine. Kisha akamwachia sahani yenyewe ailambe mafuta.

Kifungo akaanza kuhara. Fundi akasema kesho kutakuwa kumekwisha. Kesho ilipofika, kijibwa alikuwa amejikunja mgongo kama upinde, anajikamua, anajikamua tena, na hakuna kinachotoka. Halafu kikatoka.

Kilikuwa chekundu, kinang'aa, urefu wa kidole gumba, kinaning'inia chini ya mkia. Na hapa ndipo ujuzi unapomponza mtu. Mtu mwingine yeyote angeona mwili. Fundi aliona bitana. Wiki hiyo alikuwa anashona makoti ya kwaya, meusi yenye bitana, kile kitambaa cha ndani, ya satini nyekundu, na vipande vya satini hiyo vilijaa kwenye kapu lile lile analolalia mbwa. Akaunganisha mambo: mbwa amekula bitana, bitana inatoka. Akaishika kwa vidole viwili, akavuta kidogo, kama unavyovuta uzi uliochomoza kwenye shati la rafiki. Kifungo akapiga ukelele uliosimamisha ususi chumba cha pili. Fundi akaona basi, haivutiki, itabidi ikatwe. Akachukua mkasi mkubwa, ule wa kukatia majora.

"Weka mkasi chini."

Aliyesema ni msusi wa jirani. Alikuwa amesimama mlangoni, kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, anachungulia nyuma yake.

"Amekula satini, dada. Nakata tu hii iliyotokeza."

"Satini gani inatoka jasho?"

Fundi akatazama tena. Kweli bitana ilikuwa na unyevu. Na sasa vidole vyake vikamkumbusha kwamba ilikuwa ya moto pia, moto wa mwili. Akilini akamwona Kifungo amekufa, akamwona mama mkwe amesimama juu ya boksi la viatu, hasemi kitu. Hicho cha kutosema ndicho kilichomtisha zaidi.

Msusi alikuwa ameshampigia simu daktari wa mifugo, ambaye kliniki yake iko nyuma ya duka la chakula cha kuku. Daktari akaagiza: msiirudishe wenyewe, msiache ikauke, asijilambe, mleteni sasa hivi. Wakalowesha kitambaa safi, wakamfunika kwa nyuma, na fundi akatoka mbio, utepe wa kupimia unapepea shingoni. Njiani akapishana na mwenye suruali. Huyo alifungua mdomo kukumbusha kwamba leo ndiyo kesho, akaufunga. Alisimulia baadaye kwamba ni mara yake ya kwanza kumwona yule bwana akiwa na haraka.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, aliyezoea ng'ombe, na Kifungo kwenye meza yake alionekana kama kitu kilichoanguka kutoka mfukoni mwa mtu. Akapitisha kijiti laini pembeni mwa ile nyekundu, polepole, kuhakikisha kwamba ni mwisho wa utumbo uliotoka na si utumbo wa juu ulioteremka. Akaridhika. Akaeleza kwamba mtoto amejikamua mpaka utumbo umejigeuza, kama mkono wa sweta ukiuvua kwa haraka. Minyoo alikuja nayo, tumbo hilo linajieleza. Kuhara je, kumetoka wapi? Fundi akaanza kuisoma kalenda ya ukutani kwa makini sana.

"Mbwa ni wako?" daktari akauliza.

"Wa mama mkwe."

"Basi mpigie. Lazima nimlaze kwa sindano ndipo nishone, na kwa mdogo hivi usingizi una hatari yake. Mwenyewe akubali."

Fundi angekubali yeye alazwe kwa sindano. Akampigia mkewe kwanza. Mkewe akamsikiliza mpaka nusu, akasema mambo hayo amwambie mwenye mbwa, na kabla hajajipanga simu ikawa imeshabadilisha mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Amekufa?"

"Hajafa, mama. Ila kuna... bitana imetoka."

"Bitana ya wapi?"

"Ya kwa nyuma, mama. Pale anapo... akikaa..."

"Baba, sema utumbo umetoka matakoni. Mimi nimelea watoto nyumba nzima, utanifundisha wewe aibu? Umempa nini?"

Hapo angeweza kusema uji. Neno fupi, na macho ya mama mkwe yalikuwa mbali, tena yamefungwa bandeji. Fundi akamtazama Kifungo, ambaye alikuwa analamba kifungo cha mkono wa shati lake.

"Nyama, mama. Na mafuta. Alikataa uji, nikamwonea huruma."

Mama mkwe akasema apewe daktari. Daktari akaitikia ndiyo, ndiyo, hatari ipo, ndiyo, akacheka, akakata simu.

"Amesema nishone," alimwambia fundi. "Ila amesisitiza usishone wewe."

Kifungo alipolala, daktari akauosha utumbo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha akaunyunyizia sukari. Fundi akauliza kama na majani ya chai anayo. Akaambiwa sukari inanyonya maji, uvimbe unashuka, na kwamba kazi yake ni kushika mkia. Kweli ukanywea. Daktari akaupaka mafuta maalumu na kuusukuma ndani kwa kidole, taratibu, mpaka ukarudi kwao. Halafu akazungusha uzi pembeni ya tundu, kama kamba ya mdomo wa mfuko, akaukaza kiasi, akaacha nafasi choo laini kipite.

"Daktari, kwa nini usiweke zipu?" fundi akanong'ona. Akiogopa ndivyo alivyo.

"Shika mkia."

Kifungo aliamka analia njaa. Akapewa dawa ya minyoo, akaandikiwa uji, na daktari akasema avishwe kola pana shingoni asiufikie uzi; ila kola ndogo kuliko zote kliniki hapo ingemtosha mbuzi. Fundi akarudi kibandani, akachukua kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola za mashati, akakizungushia mabaki ya koti la kwaya, bitana nyekundu kwa ndani. Alimaliza siku ile ile. Msusi aliacha kichwa cha mtu akaja kushuhudia.

Mama mkwe alirudi siku ya mvua, uzi umeshatolewa, na kola bado ipo kwa tahadhari. Alivaa miwani nyeusi, akaivua ili aone vizuri. Akainua mkia, akatazama sana. Akaushusha. Kisha akaigeuza kola, akapitisha ukucha juu ya mshono kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Haukupinda popote.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi, mama."

"Lini?"

"Siku ile ile."

Mama mkwe akampakata Kifungo. Alihitaji mikono miwili kwa kazi hiyo, au aliamua kwamba anaihitaji, na mwavuli wake uliolowa akaunyoosha mbele ya fundi bila kumtazama.

"Tundika," alisema. "Na mkasi ukae mbali nao. Nimesikia."

Chumba cha pili msusi akakohoa. Fundi akaupokea mwavuli kwa mikono miwili, akashusha makoti yote ya kwaya kutoka kwenye msumari, akautundika peke yake.