Siku Tisa katika Nyumba ya Vyumba Vinne

Niliingia Kericho siku ya Ijumaa, juu ya lori la Mhindi mmoja wa Kisumu, nimebanwa kati ya magunia ya chumvi na marobota ya nguo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu alikuwa amenitangulia miezi minane kabla, akapata kazi kwenye kiwanda cha majani ya chai kilichokuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, upande wa ziwa, tukakaa pamoja miezi minne tu, kisha akaondoka na blanketi moja na Biblia.

Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi. Nishuke Kericho, niulize nyumba ya mjane nyuma ya boma, nikae hapo, naye angekuja kunichukua Jumamosi. Niliisoma mara nyingi njiani, si kwa sababu ya maneno yake bali kwa sababu ya mwandiko. Haukuwa wake. Sote wawili tulisoma misheni, na mume wangu aliandika kama mtu anayekimbizwa, herufi zote zimelala upande mmoja. Barua hii ilikuwa na herufi zilizosimama wima kama askari. Nilijiambia labda siku hizi amekuwa mtu mkubwa, ana wa kumwandikia. Halafu nikajiambia labda kuna mtu, tena mwanamke, aliyekaa karibu naye kiasi cha kushika kalamu yake. Fikira hiyo ilinipanda kifuani kabla lori halijaanza kupanda milima, na haikushuka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupendeza, na leo nasikitika kwamba sikuweza kuifurahia. Wazungu walikuwa na hoteli yao. Watu kama sisi, tukifika mjini, tulilala kwenye veranda za maduka au kwa ndugu kambini. Lakini mjane huyu, Mnubi mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye mumewe alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, akafa vitani, alikuwa amejenga vyumba vinne vya udongo na bati katika mtaa mtulivu wenye ua wa michongoma na mikaratusi michache. Kuta alizipaka chokaa. Kila chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, beseni la enameli, pazia la kitambaa cha merikani, na mto uliotariziwa maua mekundu kwa mkono wake mwenyewe. Hakupokea walevi wala watu wa kelele. Viatu vilivuliwa mlangoni. Wakati wa mchana ungeweza kusikia kuku akikwaruza nyuma ya jiko, na zaidi ya hapo hakuna kitu.

Ukimya ule ulinitesa. Jumamosi nilivaa gauni la kanisani tangu asubuhi, nikakaa kibarazani. Sikuweza kukaa. Nikachukua ufagio nikafagia uwanja, nikaingia ndani, nikatoka, nikafagia tena. Saa tisa mvua ya mawe ikapiga bati kwa kishindo mpaka mjane akaziba masikio. Ilipokoma, vipande vyeupe vilitapakaa uwanja mzima, na mume wangu hakuwapo.

Jumapili hakuja. Jumatatu nilikwenda mahali malori yanaposimama nikatazama kila aliyeshuka. Jumanne vilevile. Mwanamke wa Kikipsigis aliyeuza mursik, maziwa ya kibuyu yenye majivu ya mti, alizoea kuniona mpaka akaanza kunisalimia kutoka mbali: "Chamge!" Nikajifunza kujibu, "Chamge mising," na tukaishia hapo, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikipsigis changu kilikuwa maneno hayo mawili.

"Binti," mjane aliniambia siku moja aliponikuta na ufagio, "uwanja huo umeufagia tangu alfajiri mara tatu. Unatafuta nini chini yake?"

"Naomba radhi, mama. Mikono yangu haitulii."

"Si mikono." Akaniletea foronya na uzi mwekundu. "Shona. Ua hili ni rahisi."

Nilishona petali moja nikaisahau sindano kwenye nguo, nikaenda tena mlangoni kutazama barabara.

Jumatano akaja mgeni katika chumba kilichopakana na changu. Alikuwa mwinjilisti kutoka milima ya upande wa Kisii, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye koti lililofifia na mkoba wa ngozi. Mjane alimjua, kila alipozunguka mashamba ya chai kuhubiria wafanyakazi alilala kwake. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza nimetoka wapi na namngoja nani. Nilipomwambia, aliinamisha kichwa kama aliyeangusha kitu, akaingia chumbani mwake akafunga mlango.

Tangu hapo alinikwepa. Nikikaa mezani, yeye husimama. Nikitoka kibarazani, yeye huingia. Na Ijumaa, wakati mvua ilipotufungia ndani sote na mimi nikawa natembea chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, alikuja akabisha.

"Dada yangu," alisema, "nakuomba, keti. Siku tatu nasikia miguu yako ng'ambo ya ukuta. Siwezi kusoma, siwezi kuomba."

Hasira yote ya juma zima ilinitoka kwa mtu huyo asiye na kosa, kama nilivyodhani. "Wewe una Mungu wako na Kitabu chako, baba. Mimi nina barua ambayo sijui imeandikwa na nani. Unataka niketi juu yake?" Nikaitoa kifuani nikamrushia.

Hakuiokota upesi. Alipoiokota hakuifungua hata kidogo. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, naye alimtazama mwinjilisti, kisha mimi.

"Barua hii niliiandika mimi," mwinjilisti alisema.

Nakumbuka nilicheka. Nilikuwa nimekwisha kumtengeneza yule mwanamke kichwani, urefu wake na mdomo wake, na sasa hapa palikuwa na mzee mwenye koti kuukuu.

"Mbona hakuandika mwenyewe?"

"Nilimwahidi nisikuambie."

"Amekufa?"

"Hapana! La, dada, hajafa. Niliongea naye Jumatatu."

"Ana mwanamke?"

"Hana." Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Nimewaza siku tatu hizi. Nilimwahidi nisikuambie neno. Lakini sikumwahidi nisikupeleke. Kesho nakwenda huko. Ukitaka, tutafuatana."

Mjane aliweka birika chini. "Atataka," alisema.

Tuliondoka asubuhi. Mjane alinivika koti la jeshi la marehemu mumewe, zito, linafika kwenye vifundo vya miguu, kwa ajili ya mvua. Mwinjilisti alitangulia, nami nyuma, lakini kila mara nilimpita na kulazimika kumngoja. Njia ilikata katikati ya chai. Sikuwahi kuona shamba la namna hiyo, kilima baada ya kilima kimepunguzwa sawasawa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa, na wachumaji wamezama ndani yake mpaka kiunoni, vikapu mgongoni. Wengine waliimba kwa lugha yangu. Nilitafuta uso wa mume wangu kati yao nikijua kwamba kazi yake haikuwa ya kuchuma.

Kwenye lango la kiwanda askari alinizuia. "Hakuna ruhusa ya wanawake wa nje, mama." Mwinjilisti akamweleza, wakazungumza pembeni, na yule askari akageuka kunitazama kwa namna ambayo ilinitisha zaidi ya yote niliyoyawaza. Alinitazama kwa huruma. Kisha akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya jengo.

Mume wangu alikuwa kwenye rundo la kuni za tanuru. Alikuwa akichukua kuni moja moja kwa mkono wa kushoto na kuzipanga. Aliponiona, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuficha mkono wa kulia mgongoni. Hakutabasamu, hakuniita. Aliuficha tu.

"Nionyeshe," nikasema.

"Umekujaje hapa?"

"Nionyeshe, baba."

Aliutoa. Ulikuwa umefungwa kitambaa, na chini ya kitambaa ulikuwa umebaki na kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Ilikuwa mashine ya kusokota majani, alinieleza, akitazama kuni. Jani lilinasa, akaingiza mkono kulitoa. Miezi miwili sasa. Nafasi yake kwenye mashine alipewa mtu mwingine, naye akahurumiwa kazi ya kuni.

"Nilitaka mkono upone kwanza," alisema. "Kisha niliona siwezi kukaa bila kukuona, nikaomba uandikiwe uje. Halafu ulipokuja..."

"Nilipokuja hukutokea."

"Nilitokea."

Sikumwelewa. Akasema ile Jumamosi alifika mpaka mtaa wa mjane, akasimama nyuma ya michongoma. Aliniona nafagia uwanja katika gauni la kanisani. Mvua ya mawe ilimkuta hapo, naye hakutafuta mahali pa kujikinga. Ilipokoma akarudi kazini.

Nimekwisha kusamehe mambo mengi maishani, na hilo pia nimelisamehe, lakini siku ile nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili nikiwa ndani ya lile koti la askari, nikamwita mjinga, nikamwuliza kama mimi niliolewa na vidole. Wafanyakazi wa tanuru walitoka kutazama. Yeye alisimama tu akipigwa, na machozi yalimshuka, na mwinjilisti akatugeuzia mgongo akaanza kusoma maandishi kwenye magunia.

Nyapara alimpa ruhusa ya siku chache. Tulirudi mjini sote watatu, na mjane alitupokea langoni. Alileta maji ya moto katika beseni, akafungua kile kitambaa mwenyewe, akauosha ule mkono kwa chumvi. Vitani, alipomfuata mumewe, alikuwa ameona mikono mingi iliyoumia, alisema, na huu ulikuwa unapona vizuri.

Siku zilizofuata mume wangu ndiye hakutulia. Aliamka, akaketi, akatoka, akarudi. Alishika kijiko kwa kushoto, kikamwaga uji, akakitupa. Nilimtafutia kibao na mkaa nikamfundisha kuandika kama mtoto, naye aliandika herufi tano akakipiga teke kibao. Mjane hakumkemea kama alivyonikemea mimi. Mimi nami sikujua la kufanya ila kukiokota na kumrudishia. Ile foronya niliimalizia wakati huo, maua yake yamepinda, na mjane akaipokea akaivika mto.

Hatukurudi kiwandani. Mwinjilisti alikuwa na Mkristo mwenzake aliyenunua ngozi za ng'ombe na mbuzi huko Sotik, akahitaji mtu mwaminifu wa kupokea mzigo na mwanamke wa kupikia wachukuzi. Tulikwenda na mkokoteni wa ng'ombe wiki iliyofuata. Sotik wakati huo ilikuwa maduka machache na vumbi, watu wa pande mbili wakikutana hapo, Wakipsigis na Wakisii, na biashara yote ikisemwa kwa Kiswahili cha kuunga-unga.

Miezi ya kwanza mume wangu alifanya kazi na mkono wa kulia ndani ya mfuko. Nilimwona akijichosha kubeba ngozi kwa upande mmoja, nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kazi yangu. Kisha siku ya soko alikuja mzee kutoka Chebunyo na ngozi tatu, akamkazia macho, akamwuliza bila kuzunguka, kama wazee wanavyouliza: "Mkono wako una nini?"

Mimi nilikuwa jikoni na mwiko. Nikasogea mlangoni kusikiliza.

Mume wangu aliiweka chini ngozi aliyoishika. Halafu akautoa mfukoni, akauweka juu ya ngozi mbele ya yule mzee, na kuanza kumweleza kuhusu mashine: jinsi inavyozunguka, jinsi jani linavyotoka jeusi upande wa pili, na jinsi inavyonguruma usipoilisha. Mzee alichuchumaa kusikiliza vizuri. Walikaa hapo mpaka wateja wengine wakaanza kulalamika.