Sharti Lililofutwa Ubaoni

Ntwali aliposimama mbele ya maprofesa watatu alizijua nadharia zote za hesabu ya kipimo cha Lebesgue zilizomo kitabuni, themanini na moja. Sisemi alizielewa. Alizijua kama sisi wengine tunavyoijua Baba Yetu.

Huo ulikuwa mtihani wake wa mdomo wa mara ya pili, na chuo chake cha Minneapolis hakikutoa nafasi ya tatu. Akipita, angeendelea na udaktari wa hesabu, akianguka, angetolewa. Kanisani walikuwa wameshaanza kumwita Docteur, na hilo lilimtia hofu kuliko maprofesa wenyewe.

Msimcheke kwa kukariri. Kambini, alikosomea baada ya familia yake kukimbia Kongo, kitabu cha hesabu za juu kilikuwa kimoja na wasomaji saba. Kila mmoja alikaa nacho wiki moja, kisha akakitoa. Ambacho hukukitia kichwani ulikisubiri wiki sita. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na akili nayo ni hivyo hivyo. Minnesota walimpa maktaba nzima, naye akaendelea kusoma kama mtu atakayenyang'anywa kitabu Jumapili.

Alianza vizuri. Aliandika bila kusita jinsi mfuatano wa fanksheni, ukielekea sifuri kwenye kila nukta, unavyoelekea huko kwa pamoja, ukiacha kando kipande kidogo tu. Profesa Harrison, mzee mpole, akainuka na kufuta maneno machache ya juu, yale yanayodai kwamba kipimo cha eneo lote kiwe na kikomo.

"Na sharti hili likiondoka?" akauliza.

Ntwali akautazama ubao. Swali hilo halikuwa na ukurasa. Akarudia uthibitisho toka mwanzo, neno kwa neno, na alipofika kwenye pengo akarudi tena mwanzo. Mzee akamsubiri. Akamsubiri mno, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza zaidi. Wakamtoa nje, wakamwita tena, wakamwambia hakupita.

Jibu lilimjia ndani ya basi la kurudi nyumbani Oakdale, lote, bila kulitafuta. Alitamani kupiga kelele.

Mkewe, Reine, alikuwa ameshavaa sare ya hospitali, tayari kwenda kazini.

"Papa Héritière, balisema nini?" akauliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Balinikatala."

Reine akakaa. Miaka minne alikuwa akifanya zamu mbili ili huyu asome. Akataka kujua ni swali gani hilo, naye akamweleza kwa njia nyepesi. Tuseme basi moja linapita kwenye barabara isiyo na mwisho, nyumba zimejipanga kandokando. Kila nyumba husikia kelele, kisha hupata utulivu wake. Je, kelele za basi zimepungua?

"Zipungue namna gani?" akasema Reine, ambaye hesabu aliiachia darasa la sita. "Bisi iko mbele, inasumbua bengine. Barabara haina mwisho, itanyamazia wapi?"

Ntwali akaitikia kwa kichwa; ndilo jibu lililomjia ndani ya basi.

"Njo ile tu balikuuliza?"

Hakuwa akimdhihaki kwa kuuliza kama ni hilo tu. Alitaka kujua kweli, na alingoja jibu huku mkoba wa kazi ukiwa magotini.

"Njo ile tu," akasema Ntwali, akashindwa kumtazama.