Msichana Aliyezama Mara Tatu

Nilikuwa nimechoka kuwaambia watoto wa gredi ya tano, huko Tetu, kwamba mto uliofurika hauvukwi. Waliitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja, kisha wakasahau. Nikaamua kutunga hadithi ambayo wao wenyewe wangechagua njia, nikaiandika kwenye kadi za manila.

Msichana anapeleka maziwa barabarani asubuhi, yachukuliwe na gari, kabla ya shule. Anakuta mto umejaa. Anayetaka avuke, asimame upande wa mlango. Anayetaka arudi nyumbani, asimame upande wa dirisha.

Darasa zima lilienda mlangoni. Nikageuza kadi, nikasoma: msichana amezama. Tukaanza upya, wakaenda mlangoni tena. Mara ya tatu niliongeza radi, na mama anayelia ukingoni, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia. Hakuna hata mmoja aliyeenda dirishani.

"Kwani mnataka afe?" nikawauliza, na sauti hiyo haikuwa ya mwalimu.

Kisha msichana mmoja, ambaye pindo la sketi yake lilikuwa bado limelowa, akasema polepole, "Mwalimu, gari ya maziwa haingoji mtu. Andika ati siku hiyo imengoja, na sisi tutaenda dirisha."

Nilichukua kalamu, nikasimama nayo mbele yao. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na kesho asubuhi gari lingepita saa ile ile.